Kisahani Chini ya Wali

Mama yangu hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita Jirani, na kila alipolitamka neno hilo alikunja uso kidogo, kama mtu aliyeonja ndimu. Nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake analo, na wapo wanaolijua, lakini kijijini kwetu, huku upande wa Ramisi, ukisema Jirani bila kuongeza neno, watu wanajua ni nani unayemsema, hata wale ambao nyumba zao haziko karibu na yake.

Kati ya uwanja wake na wetu pana ua wa makuti. Aliujenga yeye mwenyewe, akayapanga makuti yale kwa namna ambayo uso mzuri ulielekea kwake, na sisi tukabaki tukitazama fito na kamba. Mama alipomlalamikia, alimjibu kwa upole kabisa, "Mama Mishi, ua ni wangu. Wewe unautazama bure." Hakuwa mkali wakati anasema. Mpaka leo sina hakika kama alikuwa akifanya mzaha.

Neno lake kubwa lilikuwa moja: inatosha. Mkewe akitia chumvi, inatosha. Taa ikiwashwa, baada ya muda mfupi, inatosha, izimeni. Mkwezi akishuka mnazini huku jasho linamtiririka, ingawa kwetu mkwezi hupewa madafu anywe na nazi za kwenda nazo nyumbani, Jirani alimwekea dafu moja kwenye gogo na kusema, "Hilo linatosha, maana ni kubwa." Simu alikuja kuipata wakati watu wote wamekwisha kuwa nazo, na aliitumia kwa kubipu tu. Ukimpigia baada ya kukubipu, anasema alilokusudia kwa maneno machache na kukata, hata kama anayelipa ni wewe. Alikuwa akituonea huruma salio letu.

Hakuwa mlafi. Nalisema hili mapema ili asieleweke vibaya. Akija kwetu akakaribishwa chai, kikombe hakijafika nusu ameshainua mkono: inatosha, mwanangu, inatosha. Nguo zake zilikuwa mbili za kazi na kanzu moja ya Ijumaa, iliyotiwa kiraka kwapani kwa uzi mweupe na yeye mwenyewe, kwa mshono mzuri kuliko wa mafundi wengi. Alijinyima kwanza, kisha akawanyima wengine, na kwa hiyo aliona hakuna mwenye haki ya kumlaumu.

Wala hakuwa na mkono mrefu. Siku moja hereni ya dhahabu ya mama ilipotea. Tulikung'uta vitanda, tukachekecha mchanga wa uwanjani, mama akalia. Jirani aliiona kwenye takataka alizokuwa akifagia upande wake, maana kuku walikuwa wameipeleka huko. Akaiosha, akaifunga kwenye kipande cha jani la mgomba, akaja kubisha hodi. "Hii si yangu," akasema, na akaondoka kabla hajashukuriwa. Mama aliishika hereni ile akasema anatamani mtu yule angekuwa mbaya kabisa ili apumzike kumfikiria.

Chumba chake cha chakula kilikuwa na kufuli, na ufunguo aliufunga kwenye ncha ya shuka aliyovaa. Kila siku baada ya sala ya alfajiri alikifungua chumba kile, akachota mchele au unga kwa kibaba cha bati, akakifuta juu kwa kiganja mpaka kikawa sawasawa, akammiminia mkewe kwenye ungo. Kisha akafunga. Mkewe, Mama Mwanamisi, alisimama mlangoni na ungo wake akisubiri, na sijawahi kumsikia akisema neno. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo, anayependa kupanda vitu. Mndimu ulio nyuma ya nyumba yao ulikuwa wake, na mchicha, na pilipili, na asumini iliyopanda mpaka juu ya paa la choo.

Nilimuuliza mama kwa nini Jirani yuko vile. Kwa kawaida mama alikuwa na jibu la haraka juu yake, lakini siku ile alifikiri kwanza. "Mwaka ule kazi ya miwa ilipokatika," akasema, "nyumba nyingi hapa zililala na njaa. Hii yetu pia. Kwake hawakulala njaa hata siku moja, kwa sababu ya kile kibaba. Alipima, na wakavuka." Kisha akanyanyuka kwenda kutazama chungu chake, na alipofika mlangoni akageuka. "Lakini hakutugawia, Mishi."

Mimi nafanya kazi Diani, jikoni, kwenye hoteli moja ya wageni. Nilipoanza nilimweleza mama jinsi wageni wanavyojipakulia wenyewe, na jinsi sahani zinavyorudi zimejaa, na chakula kinavyokwenda kumwagwa. Jirani alikuwa upande wa pili wa ua akinoa panga. Panga likanyamaza. Asubuhi yake nilipokuwa nikijitayarisha kurudi kazini, alikuwa amesimama kwenye njia.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Yale uliyokuwa ukimweleza mama yako jana, ni kweli?"

"Ni kweli, ami."

"Hata mkate?"

"Hata mkate."

Alitikisa kichwa, akaenda zake. Mama aliniambia baadaye kwamba kutwa nzima hakusema na mtu. Mimi nilicheka wakati ule, lakini sikuweza kumcheka sana, kwa sababu hata mimi siku zangu za kwanza pale jikoni nililia nikimwaga wali.

Sasa nifike kwenye harusi, maana bila harusi ile hapana hadithi ya Jirani.

Mwanamisi, mtoto wao wa pekee, alichumbiwa na kijana wa Bodo. Bodo si mbali. Ukichukua bodaboda pale Ramisi unapita kwenye mashamba, kisha unaanza kuona mikoko, na umefika. Tulifurahi kwamba haendi mbali. Mimi na yeye tulikua pamoja, tukavuka ua ule mara nyingi kwa tundu tulilolitoboa wenyewe, na katika harusi ile mimi ndiye niliyemshika mkono.

Kwetu katika shughuli huteuliwa mtu mmoja wa kukaa kwenye masufuria na upawa, naye huitwa mpakuzi. Si kazi ndogo. Mpakuzi ndiye anayejua masinia mangapi yametoka, na upande wa wanawake umebaki nani, na waliotoka mbali wametiliwa vya kutosha. Watu humchagua mtu mwenye moyo na mwenye hesabu. Jirani alikataa mtu yeyote achaguliwe. Pilau ni yake, akasema, na atapakua mwenyewe. Kosa letu ni kwamba tulimwachia. Tuliona aibu kumnyang'anya baba upawa katika harusi ya mwanawe.

Masinia yalipotoka yalipendeza. Pilau ilikuwa imesimama katikati, kilima kizuri, nyama juu, zabibu zimetawanywa. Wageni wa Bodo walikaribishwa kwanza, kama inavyopasa. Wakanawa, wakasema bismillahi, wakaanza kula pembeni wakija katikati. Muda si mrefu mama mmoja wa makamo akasimamisha mkono. Alikuwa amegusa kitu kigumu. Akakwangua kidogo kwa vidole, na katikati ya sinia kikatokea kisahani cha chai, kimegeuzwa, kimelala chini ya wali ili kilima kionekane kikubwa.

Katika sinia la pili hali ilikuwa ile ile. La tatu pia.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga kelele. Yule mama alikishika kisahani, akakifuta kwa kitambaa, akakiweka kando kwa adabu, akasema, "Alhamdulillahi, tumeshiba." Na wote wakanyanyuka kunawa. Mwanamisi alikuwa ndani, amefunikwa leso, na habari ilimfikia pale pale. Nilikuwa nimemshika mkono, na niliusikia ukipoa.

Pilau ilibaki sufuria zima. Jirani aliifungia kwenye chumba chake, akilini mwake ameokoa mali. Kwa joto lile ilichacha kabla ya siku ya pili, ikaliwa na kuku. Mama alisimama upande wetu wa ua akawatazama kuku wale mpaka walipomaliza.

Huko Bodo, Mwanamisi alipewa jina. Kila alipopakua chakula, wifi zake waliuliza wakicheka, "Kisahani kiko chini?" Walimwita Kisahani. Walimwita kwa upendo, baadaye, kama watu wanavyofanya jina likishazoeleka, lakini ziko siku za mwanzo ambazo hakuna upendo ndani yake, na siku zile yeye alizipita peke yake. Akaapa kwamba hatakula tena kwenye nyumba ya baba yake. Akizaa, watoto wake pia hawatakula. Na alitimiza. Miaka ikaenda. Jirani akawa na wajukuu Bodo ambao hawajui hata mlango wa nyumba yake unafungukia wapi, na akisikia wanatajwa alitazama upande mwingine na kuuliza bei ya nazi.

Mama Mwanamisi aliugua muda mfupi, na Mungu akamchukua. Nilipata ruhusa kazini nikaja.

Desturi yetu ni kwamba nyumba yenye msiba haiwashi jiko. Majirani ndio wanaopika na kuleta, siku zote za matanga. Nilidhani watu wataleta kidogo kwa kutimiza tu, maana nani aliyekula chakula cha Jirani? Lakini mabakuli yalikuja kutoka kila upande, yamefunikwa kwa kawa na vitambaa: mihogo ya nazi, maharage, wali, mikate ya kumimina, samaki. Yalijaa ukumbini mpaka tukayaweka juu ya kitanda. Jirani alikaa barazani na wanaume, akiyatazama yanavyopita. Kila bakuli lilipopita aliinua uso. Hakuelewa, na mtu asiyeelewa jambo la wema huwa na sura ya kusikitisha sana.

Mwanamisi alikuja na bakuli lake kutoka Bodo. Lilikuwa la bati, jeupe, lenye ua jekundu chini kwa ndani, na ukingo wake umebanduka mahali pamoja. Alilileta limejaa wali na samaki wa kupaka, akaliweka pamoja na mengine. Lakini yeye mwenyewe alikula kwetu na kulala kwetu.

"Mishi," aliniambia, "kuja nimekuja, na mama nitamlilia. Lakini kwa baba sili."

Tanga lilipoanuliwa akarudi Bodo, hakumuaga baba yake ila kwa kumshika mkono mbele za watu.

Baada ya hapo Jirani alifanya kosa ambalo nadhani hakuna mwingine pwani nzima angelifanya. Aliyaosha mabakuli yote ya watu. Aliyaosha kwa jivu na mchanga mpaka yakang'aa, akayatazama chini alama za rangi ya kucha ambazo wanawake hutia ili vyombo visichanganyike, akayapanga kwenye gunia, na akapita nyumba kwa nyumba akiyarudisha. Matupu. Na alijivuna kwa jinsi yalivyo safi.

Kwetu, ukiletewa chakula, chombo cha mtu hukirudishi hivi hivi. Hata kama huna kitu, unatia chumvi kidogo, au pilipili, au ua. Mtoto mdogo analijua hilo. Watu walipokea mabakuli yao wakasema asante, kwa sababu amefiwa. Alipofika kwetu, mama alilishika bakuli lake, akalitazama ndani.

"Jirani, bakuli langu limekuja na nini?"

"Limekuja limeoshwa."

Mama alicheka, na mara machozi yakamtoka. Nilidhani ni hasira. Akamvutia kigoda. "Kaa, Jirani. Wewe mkeo alikuwa akirudisha vipi bakuli hili?"

"Sijui," akasema. "Yeye alikuwa akirudisha?"

"Miaka yote niliyokaa hapa, mkeo hajanirudishia chombo kitupu hata mara moja. Ndimu. Mchicha. Asumini za kutia kitandani. Na siku nyingine wali, kidogo tu, wa kunusia, lakini wali. Na si mimi peke yangu. Unadhani watu wale walimletea nani chakula, wewe?"

Jirani alikuwa akipiga hesabu, nilimwona, macho yamekwenda juu kama afanyavyo akihesabu nazi. "Wali," akasema, "ulitoka wapi? Mimi ndiye niliyepima."

"Ulitoka kwenye sahani yake."

Nimekwisha kuona watu wakipokea habari mbaya. Hospitali ya Msambweni nimeona, kazini nimeona. Sijaona uso ukibadilika vile. Alishika magoti yake kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ambayo ilikuwa karibu haisikiki, "Mimi nilidhani hana hamu ya kula."

Sikumpenda mtu yule. Lakini siku ile nilimlilia.

Bakuli la Bodo lilikuwa bado kwake, maana hakuwa na uso wa kulipeleka. Mama ndiye aliyemwambia siri yake, kwa sababu sasa hapakuwa na wa kumficha. Lilikuwa bakuli la mkewe. Tangu harusi ile lilikuwa likienda na kurudi baina ya mama na mwana, ndani ya ndoo ya mama mmoja wa Bodo anayekuja huku kuuza samaki. Likienda na ndimu, linarudi na dagaa. Likienda na mchicha, linarudi na kipande cha pweza. Halikuwahi kwenda wala kurudi tupu. Katika msiba Mwanamisi alilileta kwa mara ya mwisho, limejaa, na sasa ni zamu ya upande huu.

"Usipolirudisha, basi limekatika hapo," mama akamwambia. "Huna tena uzi mwingine wa kukufikisha kwa mwanao."

Jirani hakugeuka kwa siku moja. Wanaosimulia kwamba alilala bahili akaamka karimu hawakukaa karibu naye. Alianza kwa kupeleka nazi moja moja kwenye zile nyumba alizorudisha mabakuli matupu, na nazi zenyewe zilikuwa ndogo. Akimpa mtu kitu, alisimama kumtazama mpaka akile. Alimpa mkwezi madafu mawili, kisha akamfuata njiani kumuuliza kama kweli ameyamaliza yote. Lakini kibaba kilitoka chumbani, na nilipokuja likizo nilikikuta uwanjani, kuku wanakinywea maji.

Kisha akaja kwa mama kujifunza kupika. Alitaka pilau tu, hakutaka kitu kingine. Mama alimkalisha mbele ya jiko, mzee wa mvi, na upawa mkononi.

"Vitunguu vingapi, Mama Mishi?"

"Vya kutosha."

"Vya kutosha ni vingapi?"

"Jirani, tia vitunguu!"

Aliunguza. Akatia maji mengi, akapata uji. Akaunguza tena. Kwa mtu ambaye alikuwa akiumwa na punje ya mchele iliyoanguka, kumwaga sufuria zima la wali ulioungua ilikuwa adhabu, na aliipokea bila kulalamika. Pilau ya kwanza iliyofaa kuliwa aliitia kwenye bakuli la ua jekundu mpaka juu, akaishindilia kwa upawa, akaifunika, akampa mama wa samaki aipeleke Bodo.

Lilirudi siku ya tatu. Nilikuwepo. Alilipokea kwa mikono yote miwili, na nadhani alisikia uzito fulani ndani, maana uso wake ulifunguka. Akafunua. Ndani mlikuwa na kisahani cha chai, kimegeuzwa juu chini. Hakuna kingine.

Mama alisema, "Ya Rabi." Mimi sikujua nitazame wapi. Jirani alikitoa kisahani kile, akakigeuza kikawa wima, akakiweka dirishani kwake mahali ambapo kila anayepita atakiona. "Hiki ni haki yangu," akasema. Baada ya siku chache akapika tena, akajaza tena, akapeleka.

Lilirudi tupu, limeoshwa. Akapeleka. Likarudi tupu. Mama wa samaki alimwambia kwamba chakula chake kinaliwa, watoto wanakigombania, lakini Mwanamisi mwenyewe haonji. Jirani alisema kama watoto wanakula basi anapika. Nilirudi Diani nikiwa sina hakika na mwisho wa mambo. Nilimjua Mwanamisi. Tangu tukiwa wadogo alikuwa akikunja ngumi hata akilala.

Mwezi uliopita nilikuja nyumbani. Ilikuwa mchana, jua la Adhuhuri limetulia juu ya paa, mama amekaa sebuleni na miguu yake inayomsumbua siku hizi ameinyoosha mkekani. Tukasikia hodi. Ilitoka upande wa ua, kwenye lile tundu letu la zamani. Jirani alikuwa ameling'oa kuti moja zima ili apite.

Amezeeka. Jicho moja limeingia ukungu. Alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, na ameshika bakuli, limefunikwa kawa.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, Mishi. Leteni sahani."

Alikaa chini, akafunua kawa. Wali wa nazi, na samaki wa kupaka juu yake, amekatwa vipande vikubwa, na pembeni ndimu mbili nzima. Harufu ya nazi ilijaa chumba.

"Limerudi," akasema. Akalisogeza bakuli mbele ya mama. "Limerudi limejaa, Mama Mishi."

"Basi kula, Jirani! Unalileta huku la nini?"

"Nile peke yangu?"

Nikaleta sahani na upawa. Alianza na mama. Mimi nilimzoea akichota kwa juu juu, anagusa tu, kama anayechota maji yenye tope chini. Sasa aliuingiza upawa mpaka mwisho, akampakulia, akampakulia tena, akamwekea pande zuri la samaki, lile la tumboni. Mama akachukua kijiko akaanza kuchokoa katikati ya wali wake.

"Watafuta nini?" Jirani akamuuliza.

"Kisahani."

Nilishtuka. Lakini Jirani alicheka. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuyaona meno yake, na hayakubaki mengi. Alicheka mpaka akalifuta lile jicho la ukungu kwa mkono wa kanzu, na mama naye akacheka, na wakati wote huo upawa ulikuwa ukienda na kurudi.

"Inatosha, Jirani," mama akasema.

"Haijatosha."

Akanijazia na mimi. Bakuli likabaki na kidogo, ndipo akajitilia, na chini likaonekana ua jekundu. Lakini hakula. Alishika sahani yake akawa anatazama mlangoni.

"Ametuma neno," akasema. "Mama wa samaki ameniambia. Anakuja Ijumaa na watoto wote. Amesema nipike, watakula kwangu." Akageuka akamtazama mama. "Na yeye atakula."

Mama aliacha kutafuna. Mimi nilihesabu miaka nikaiacha.

Jirani aliweka sahani chini. Akamsogelea mama, na akauliza kwa sauti ya chini, kwa haya, mzee yule ambaye alipima kila punje iliyoingia na kutoka nyumbani kwake tangu nizaliwe. "Mama Mishi, watoto wa umri ule, wanakula kiasi gani? Mimi sijui."

Mama alimtazama. Hakuukunja uso.

"Wapakulie, Jirani," akamwambia, "mpaka waseme wenyewe inatosha."